Sikio la Bisibisi

Siku ya kwanza sikupewa spana.
Nyaboke alinipa bisibisi ndefu, mpini umeyeyuka upande mmoja,
akasema: ncha weka kwenye beringi,
mpini weka sikioni,
halafu nyamaza.

Saa kumi na moja alfajiri, chini ya ukumbi wa mizigo,
Kisumu ingali gizani,
nilichosikia ni damu yangu mwenyewe.
"Umeisikia?"
Nikasema ndiyo.

Wiki kumi na mbili za mafunzo, barua yenye muhuri,
kizibao cha manjano kinachonifika magotini,
na daftari la kuandika kila siku nimefanya nini.
Jumatatu: nimezoa usubi.
Jumanne: nimezoa usubi.
Hakuna mhadhara ulioniambia ziwa hupumua wadudu,
kwamba hupanda usiku kama moshi wa jiko lisilo na mwenyewe,
wakafuata taa, wakajazana kwenye mapezi ya kipoza hewa
hadi abiria wakajipepea kwa tiketi.
Tuliwachota juu ya paa kwa koleo,
laini, weusi, wananuka dagaa.
"Kwetu Nyamira ni mvua ya mawe tu," akasema Nyaboke.
"Huanguka, huyeyuka. Haitaki koleo."

Mama hupiga simu kila Jumapili kutoka Chavakali:
Kadenyi, umeshapanda ndege?
Bado, mama.
Sasa hapo uwanjani unafanya nini?
Napaka grisi.
Kimya. Naisikia redio yake.
Shule yote hiyo?

Ijumaa ya wiki ya saba ndege ya saa moja na robo ikatua,
mkanda ukakwama, begi mbili tu zimetoka.
Wengi walikuwa watu wa mazishi:
suti nyeusi, shada ndani ya plastiki,
mwanamume anaitazama saa yake
kana kwamba saa ndiyo iliyofiwa.
Nyaboke akazima umeme, akatia kufuli kwenye swichi,
akanifanya nitie langu juu ya lake,
ufunguo kila mtu mfukoni mwake,
maana mkono ukibaki mle hauandikiwi barua.
Nikalala chali, nikajipenyeza chini ya rola.
Kupitia mwanya niliona viatu tu,
viatu vya Nairobi vilivyong'arishwa,
na kimoja cha mtoto kikigonga sakafu, kikigonga.
Utepe wa begi ulikuwa umejisokota kwenye ekseli
mara tisa, mara kumi,
umekaza kama neno la ugomvi wa ndugu.
Nikaukata kwa wembe, uzi kwa uzi.

Dakika kumi na nne.
Mkanda ukaenda. Hakuna aliyepiga makofi,
na kwa nini wapige? Nani huishukuru bawaba?
Begi moja ilizunguka mara tano bila mwenyewe,
kila mara ikirudi gizani upande wetu,
na mara ya sita, mota ilipopita na mzigo,
nikaisikia:
ndani ya ule mrindimo wa kushiba,
punje ya mchanga
katika jino.
Bila bisibisi. Nikamgeukia Nyaboke.
Alikuwa ameshaandika nambari ya beringi kiganjani.

Siku ya mwisho fomu ilikuwa na mistari sita ya maoni.
Aliandika: *Anasikia. Ila*
na kengele ya pampu ikalia, akakimbia,
na fomu ikapigwa muhuri hivyo hivyo.
Mpaka leo sijui ila nini.

Nimerudi nyumbani. Jana nilibeba mahindi
hadi mashine ya posho ya Asava,
na kabla hatujafika mlangoni nikasimama barabarani.
"Beringi ya nje," nikamwambia. "Ina wiki mbili."
Asava akacheka, akaendelea kupima.
Mama hakucheka.
Alitua gunia, akanyoosha mkono:
Lete hicho kibisibisi chako.
Akaweka mpini sikioni, akafumba jicho moja.
Unga ukamtua kwenye nyusi.

Nilitaka kumwuliza.
Nikanyamaza.