Kosa la Nani

Mashine haikusema kitu. Ilizima tu.
Asubuhi tuliikuta baridi,
vumbi jekundu la Agosti limelala juu ya bamba,
na pampu za Makutupora zinaendeshwa kwa kubahatisha.

Meneja alikwishafungua orodha, akaona 18:14.
"Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, jioni.
Nani huwa humu saa hiyo?"
Sote tulijua. Ndoo yake ilikuwa bado mlangoni.
Penina Mlewa, anayepiga deki tukishaondoka,
anayechomoa waya, walisema, ili achaji simu.
Nusu mshahara. Barua imeshapigwa muhuri.

Mimi nikapewa zile baiti kwa kuwa hakuna aliyezitaka.
Kumi na sita kila tukio, hazipungui, hazizidi,
kama punje za uwele kwenye ungo
kabla upepo haujaamua lipi kapi.
Programu ya kuzisoma sikuwa nayo.
Nilikuwa na kijitabu cha kiwandani, kurasa tatu zimeliwa na mchwa,
penseli, na chai inayopoa.

Nimekulia Mvumi, kwa bibi aliyejua Kigogo tu.
Nikiwa na miaka tisa nilimtafsiria zahanati:
"Anasema moto unapanda mgongoni."
Daktari akaandika: homa.
Nilijua si homa, ila sikuwa na neno jingine.
Tangu siku ile namwogopa mtu anayetafsiri haraka.

Kwa hiyo polepole.
Muda umeandikwa kinyumenyume, baiti ndogo mbele,
unausoma ukirudi nyuma
kama mtu anayetoka zizini bila kumpa dume kisogo.
Nikageuza. Nikahesabu sekunde tangu 1970, baba hajaoa.
18:14, kweli. Meneja hakukosea kusoma.
Ila saa ile si ya Dodoma.
Mashine ilikuja na saa ya ugenini, hakuna aliyeihamisha.
Ongeza tatu: 21:14.
Yaani saa tatu na dakika kumi na nne usiku,
Penina yuko kwake Veyula anasonga ugali,
na ufunguo uko kwa mlinzi.

04: feni. Imesimama.
01: joto. Sabini na nane. Themanini na tisa. Tisini na sita.
0C: kumbukumbu. Hapa niliweka penseli chini.
Biti imeanguka, ikainuliwa; imeanguka, ikainuliwa,
mara elfu tatu mia sita na tano tangu Juni,
mashine inajisahihisha gizani bila kumwamsha mtu,
mpaka mstari wa mwisho, ambao haukuinuliwa.

Nikaanza ripoti. Kijitabu kinasema kosa.
Kosa lililosahihishwa. Kosa lisilosahihishika.
Nikalifuta. Katika ofisi hii
neno kosa likiingia haliketi mpaka lipate mwenyewe.
Nikajaribu kasoro. Nikajaribu dosari, nikaona hiyo ni ya vikombe.
Nikaandika hitilafu, nikaiacha ikauke.

Meneja alisoma amesimama.
"Haya, si Penina. Sasa kosa la nani?"
Nikaifungua feni mezani.
Likamwagika vumbi, la uwanja wetu huu huu,
na uzi mmoja wa kiroba uliojizungusha shingoni mwa mhimili.
Nyuma yake, ukutani, ratiba ya kusafisha feni:
mara ya mwisho Machi, mwaka juzi.
Sahihi ni yangu. Mistari iliyofuata, mitupu,
ilikuwa yangu pia.

Hapo nikajua kwa nini lile neno nililifuta.

Barua yake ilichanwa, vipande viwili tu, kwa uvivu.
Jioni nilikuwa bado nimekaa, ripoti mbele yangu,
hitilafu imekatwa mstari, kosa limerudi,
na pembeni yake jina langu, Ndahani, kwa penseli,
kisha kwa wino.
Penina akaingia na ndoo.
"Mbukwenyi," akasema. Hakuuliza kitu.
"Inua miguu, nipige deki."