Sifuri Mbele ya Moja

Ezati alipiga simu kutoka Yumbe, saa nne asubuhi,
mikono ina grisi, nikimsikia akiifuta kwenye suruali:
"Nyinyi watu wa Arua, mnanipeleka wapi?
Hatua ya kwanza, ng'oa mpini. Sawa, nimeng'oa.
Inayofuata mnasema pampu maji, onja, mkabidhi mwenyekiti funguo.
Maji gani? Pampu yenyewe imelala kwenye majani!"

Nikafungua tovuti. Hakukosea.
Upande wa kushoto menyu imejipanga kama askari:
moja, kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
ndipo mbili, ndipo tatu.

Mashine haihesabu. Hilo nilifundishwa na Candiru
kabla hajahamia Gulu na kuniachia kiti chenye mguu mbovu.
Mashine husoma majina herufi kwa herufi,
kama mtoto wa chekechea anayefuata maandishi kwa kidole;
ikiona moja, haingoji kuuliza nyuma yake kuna nini.
Folda huifanya mlango, faili huifanya chumba,
na ulivyopanga ndani ya kabati lako
ndivyo mgeni atakavyotembezwa nyumbani.
Folda ndani ya folda: ngazi.
Folda isiyo na faili ya mwanzo:
mlango mzuri, umepakwa rangi, ukiufungua ni ukuta.

Basi nikatia sifuri.
Sifuri-moja, sifuri-mbili, hadi sifuri-tisa.
Mwalimu wetu wa hesabu pale Ediofe
alikuwa akituchapa kwa ajili yake:
kulia kwa namba ni ng'ombe, kushoto ni upepo!
Na upepo huo huo
umeirudisha kumi mahali pake,
umeinua pampu ya watu kutoka majanini.
Ezati hakusema asante. Alisema, "Sasa inasomeka," akakata.

Kila faili ina majina mawili.
La chini, lenye vistari, lisilo na nafasi wala herufi kubwa;
na la juu, lililofungiwa kati ya vistari vitatu na vistari vitatu,
ambalo ndilo wageni huliona.
Candiru mwenyewe alikuwa hivyo:
mama yake alimzaa katikati ya taabu, akaiandika taabu humo humo jinani,
lakini kwenye beji ya ofisi, Harriet.
"La chini usiliguse ovyo," alikuwa akisema,
"viungo vyote vimelishika. Ukilibadilisha,
watu watabisha hodi kwenye nyumba iliyohama."

Nilikuwa nikitia sifuri na kusahihisha viungo, kimoja kimoja,
nilipofika chini ya folda, nikaikuta
faili ambayo menyu haijawahi kuitaja:
visima-vilivyokufa.
Vijiji kumi na tisa. Terego, Maracha, vingine njia ya Koboko.
Tarehe pampu ilipokoma, jina la fundi, sababu:
kutu, kutu, fedha za vipuri, kutu.
Na juu kabisa, kati ya vistari, mstari wa Candiru:
rasimu: kweli

Nikakumbuka. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumatano.
Meneja alisema, iache kwanza.
Jumatano hiyo sasa ina miaka miwili.

Mashine haifichi kwa ubaya.
Imeambiwa rasimu, inaruka, inaendelea na safari yake,
nayo faili inabaki pale pale, nzima, haikuibwa, haikuchomwa,
ila hakuna njia inayokwenda kwake.

Saa kumi na moja jioni, ofisi tupu,
jenereta la kinyozi wa jirani linakohoa,
nikapeleka mshale mwisho wa mstari,
nikafuta herufi tano.
Nikafuta kweli
ili ukweli uonekane.

Menyu ikajijenga upya, sekunde nane.
Ikatokea chini kabisa, baada ya kumi na mbili,
maana herufi husimama nyuma ya namba:
Visima Vilivyokufa.
Nikaibofya. Ikafunguka.
Nikaizima kompyuta, simu nikaiacha mezani, uso juu.