Kiganja

Kioo kimepasuka kona ya kushoto,
hapo ilipoangukiwa na ndoo ya dagaa mwaka ule wa mvua nyingi,
na betri imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.
Fundi Maduhu, pale Makoroboi, aliigeuza mara mbili,
akainusa, kama mtu anayepima maziwa ya jana,
akanirudishia.
"Dada Nyanzobe, hii haina spea tena.
Hata huko zilikozaliwa wameacha kuzaa."

Nikavuka barabara.
Kijana wa dukani ana fulana ya kampuni na tabasamu la kampuni.
Akanipangia sita juu ya kaunta, zote mabamba,
kila moja pana kama kibao cha kukatia mchicha.
Nikashika ya kwanza. Kidole gumba kikaanza safari,
kikafika katikati, kikaomba maji.
"Tumia mikono miwili, mama."

Mikono miwili!
Wa pili nitautoa wapi?
Alfajiri pale Mwaloni mmoja uko kwenye mzani,
uko kwenye gunia, uko kwenye bega la mchukuzi anayejifanya hasikii.
Usiku napanda Igogo, kwetu juu ya mawe,
umeme umekatika, ngazi alizichonga Mungu akiwa na haraka,
mkono mmoja wa jiwe, mmoja wa tochi,
na tochi ndiyo simu, na simu ndiyo benki,
ndiyo Limi wangu anayesoma Bukoba:
Mama, umefika?
Nimefika, naandika kwa gumba moja, bila kutazama.
Miaka saba linajua njia
kama mbuzi ajuavyo zizi.

Nikamwambia: sokoni kila mtu analalamika.
Mama Bwire humdondokea usoni akiwa amelala.
Magesa wa mizani anaitia kwenye soksi,
mfuko wa shati umeshindwa.
Wote tunataka ndogo. Mbona hamleti?

Akacheka, bila ubaya.
"Tulileta nne. Zilikaa kabatini mwaka mzima.
Watu wanazishika, wanasema, 'Jamani, kazuri haka,'
kisha wananunua kubwa, waone mpira.
Na wewe, mama, yako ulinunua lini?"

Miaka saba.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Pikipiki zikapita, muuza karanga akapita.
Niliyeipenda sikurudi dukani,
na duka huhesabu wanaorudi.

Nimesomesha mtoto kwa samaki wasiozidi kidole,
asinifundishe mtu habari za udogo.
Lakini nilifungua pindo la kanga, nikahesabu noti,
nikanunua bamba.
Ningefanyaje? Wateja wanalipa kwa simu,
na dagaa hazingoji.

Sitaisema vibaya yote.
Herufi zake naziona bila kukunja uso.
Juzi Limi alinipigia kwa video,
nikaona kovu dogo la nyusi, lile la kuanguka kwenye jiwe,
nilikuwa nimelisahau.
Ile ya zamani haikuwahi kunionyesha kovu.

Ila jana usiku, umeme umekatika, nikapanda nayo.
Mwanga wake mkubwa, siongopi,
nilimwona hadi panya wa kwa jirani akihama na familia yake.
Nikafika pale penye jiwe la kukumbatia,
pasipopitika kwa mkono mmoja.
Zamani niliibana kwa meno, nikapita.
Hii haibaniki.
Mfukoni haiingii, pindoni inachungulia,
nikiilaza juu ya jiwe itateleza hadi ziwani.
Basi nikasimama,
mtu mzima, na mwanga wote ule mkononi,
nikingoja apite yeyote
anishikie.

Ikatetemeka.
Mama, umefika?

Nikaandika, kwa mikono miwili:
Bado.