Mpaka Pasaka

Nilipong'oa ubao wa kumi na saba
katika ukumbi wa chakula, Mtakatifu Barbara,
nikauona chini ya nta ya miaka sitini na tisa:
mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea jeraha.
Kumbe bado upo.

Bibi alinisimulia huku akimenya viazi,
kisu hakisimami, kinywa hakisimami.
Veronika Hudák, binti wa mchimba makaa,
Bonde la Corrigan, Pensilvania,
ambako theluji huanguka nyeupe alfajiri
na adhuhuri huikuta imekwisha kuwa majivu.

Walioijenga hawakuweza kusoma jina lake langoni.
Waslovaki, Walithuania, Waairishi,
waliogombania hata tenzi za misa,
lakini kila Jumamosi, kwenye dirisha la mshahara,
kila mmoja alitumbukiza katika kopo la Padre Tierney
ujira wa saa moja ya giza.
Saa moja, tofali nne.
Hesabu hiyo Bibi aliijua kabla ya Baba Yetu.

Majengo mawili, ua katikati.
Huku wasichana na masista, kule wavulana na mabruda,
na ukuta uliomeza mipira.
Wavulana walipungua kila mwaka:
aliyetimiza kumi na minne, shimo lilimwita kwa jina,
na daftari lake likawashia jiko.

Kisha Januari ya thelathini na nane
tanuri la kule likapasuka usiku.
Moto haukuua mtu. Ulikula madawati,
ramani ya Nchi Takatifu, kinanda,
na fimbo zote za Bruda Anselm
(hapa Bibi hucheka, lazima).
Asubuhi wavulana sitini na wawili
walisimama uani, masizi puani,
wakiyatazama madirisha ya wasichana.

Askofu akaandika: wapokelewe, kwa dharura, mpaka Pasaka.
Sista Eufemia hakuwa mtu wa kungoja.
Alipiga magoti na rangi iliyobakia ya mabehewa ya makaa,
akauvuta mstari toka mlangoni hadi jikoni.
Wasichana kushoto. Wavulana kulia.
Mpaka, mpaka Pasaka.

Pasaka ikaja. Mayai yakapakwa rangi,
kengele ikalia, hakuna aliyehama.
Sista akaisoma barua tena, akaikunja:
"Askofu hakusema Pasaka ipi."

Chumvi ndiyo iliyovuka kwanza.
Kisha kitabu cha aljebra, maana Veronika alijua
na Juozas Petrulis hakujua.
Kisha, chini ya meza, kiatu kimoja
kilichojifanya kimepotea njia.
Kila Agosti Sista alipaka upya,
kila Juni soli zilikuwa zimeufuta,
mpaka mwaka ule wa vita, wavulana wamebaki tisa,
rangi yote imekwenda kwenye manowari.
Akasimama mlangoni na brashi kavu,
akautazama mstari uliopauka,
akaingia kula.

Ndiyo, Juozas ndiye babu yangu.
Sitaki kulikuza jambo: wengi walioana pale,
na wengi waliachana.

Mgodi ulijaa maji, wanaume wakawa madereva.
Masista wakapungua mmoja mmoja kama meno.
Mimi nilisoma pale darasa la watu thelathini na mmoja,
baiolojia chini ya paa linalovuja, ndoo miguuni,
nikala upande wowote niliotaka
bila kujua kwamba palikuwa na pande.

Askofu mwingine akaandika:
mpate wanafunzi mia moja, mpaka Pasaka.
Safari hii aliutaja mwaka.
Tulipata themanini na wanane,
tukiwahesabu mapacha wa Gallagher waliokwisha hama.

Sasa patakuwa nyumba za kupanga.
Msimamizi aliniuliza ubao mbovu wa nini.
Nikaubeba begani hadi jikoni kwa Bibi,
nikaulaza mezani kati ya maganda.
Hakulia. Aliupitisha kidole juu yake polepole.
"Umepinda," akasema. "Nilimwambia Sista siku ile ile."
Kisha akanisogezea chumvi.