Rasimu ya Saba

Mkurugenzi alinipa wiki mbili na rimu ya karatasi.
"Nyanzobe, nitafutie kanuni. Mapato ya kliniki ya jioni
yagawanywe kwa haki, madaktari wasinung'unike."
Kwa haki, alisema, kana kwamba ipo stoo,
niende kwa Masudi nitie sahihi, nibebe boksi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa nyepesi: mgonjwa mmoja, pointi moja.
Upasuaji, pointi sita. Zamu ya usiku, mbili na nusu.
Nikajumlisha. Daktari Mihayo, mpasuaji,
akapaa juu ya jedwali kama moshi wa bani la tumbaku.
Chini kabisa, mstari wa kumi na tisa,
Daktari Kalunde wa wodi ya watoto:
pointi arobaini na moja, mwezi mzima.
Nikadhani nimekosea. Nikarudia.
Arobaini na moja.

Nikaenda kumtazama.
Amesimama kitanda cha nane, mikono nyuma,
mwanafunzi wa mwaka wa nne amepiga magoti,
vidole juu ya tumbo la mtoto wa Sikonge
vikitafuta bandama.
"Usibonyeze. Ngoja. Avute pumzi, akuletee mwenyewe."
Dakika ishirini kwa bandama moja!
Mihayo, muda huo huo, ameshona ngiri mbili na kunywa chai.

Kwenye kamati, feni ikilia juu yetu,
Mihayo hakuficha:
"Sina ugomvi na walimu. Lakini saa nane usiku,
basi limepinduka njia ya Nzega, haitwi mwalimu.
Naitwa mimi.
Mgongo wangu nao uandike kwenye jedwali lako."
Akageuka, akatuonyesha mahali anapofunga mkanda.
Hakuna aliyecheka.
Alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Babu yake bibi yangu alikuwa mpagazi.
Alitoka Unyanyembe na pembe begani,
akarudi na kaniki mbili na kikohozi.
Bibi alijua mizigo ilivyopimwa, frasila kwa frasila,
kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mizani.
"Ila kirangozi," alisema, "alibeba kidogo, akalipwa zaidi.
Wenzake walimwonea gere
hadi siku alipolazwa na homa,
msafara ukazunguka siku tatu ukitafuta kisima."
Nilikuwa mtoto. Nilitaka kujua tu kama walikipata.
Bibi alikuwa amekwisha rudi kwenye michembe yake.

Rasimu ya nne niliweka safu mpya: Subira.
Wakaikata kwa kalamu nyekundu: haipimiki.
Ya tano: Kufundisha, asilimia kumi.
Mtu wa chuo akasema ishirini.
Mtu wa fedha akauliza pesa zenyewe ziko wapi.
Ya sita ilikwenda na umeme.

Ya saba ilipita, Ijumaa, watu wakiwa na njaa.
Zamu ya usiku, pointi nne: hiyo ni kwa ajili ya ule mgongo.
Kufundisha, kwa saa; fomu ijazwe, itiwe sahihi.
Mwisho wa mwezi fomu zikarudi zimefurika,
hata za mabwana ambao sijawaona na mwanafunzi
tangu nilipoajiriwa.
Ya Kalunde ilirudi tupu.

"Nilisahau," akasema. "Kulikuwa na watoto."

Basi nikaichukua mwenyewe hadi wodini.
Kitanda cha nane, mtoto mwingine, magoti mengine sakafuni.
Nikatazama saa ya ukutani. Nikasimama.
Hakuna safu ya mhasibu anayesimama.
Mvua ilianza juu ya bati, ikaacha, ikaanza tena,
na yule kijana akainua uso:
"Nimeipata! Daktari, hii hapa!"
"Una hakika?"
"…Hapana."
"Vizuri. Anza upya."

Nikaandika: dakika thelathini na tano, bado inaendelea.
Kalunde akaipokea fomu bila kuisoma,
akaiweka juu ya goti,
akatia sahihi mahali pa mkurugenzi.