Saa ya Nzi Kupanda

Jutland, mwisho wa Septemba. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa,
mashine imenyamaza, jua limebaki kidole kimoja juu ya mabua ya shayiri.
Hapo ndipo nzi mmoja huacha vyote,
pumba na mkia unaompigapiga,
akaanza kupanda.

Kwa miguu. Mabawa anayo, lakini hakuna anayemruhusu.
Anapanda fremu ya dirisha kama mtu aliyeitwa jina,
na pale juu anatoa ulimi, anaubandika kiooni,
anainua mabawa kana kwamba anavuliwa koti,
basi.

Asubuhi tumbo limevimba, lina mistari myeupe,
na kioo kimemzunguka kwa unga, mduara mwembamba
unaongoja mpita njia.
Esben, daktari wa mifugo, alinieleza akinawa mikono kwenye ndoo:
ni kuvu, Thyra. Iliingia ngozini siku sita zilizopita,
ikala mafuta kwanza. Ubongo iliubakiza,
bado ilikuwa na kazi nao.
"Na madume," akasema, akacheka kidogo, akaona haya,
"humjia hivyo hivyo alivyokufa. Humwona amenona."

Nzi kufia kidondani si haramu.
Lakini huyu alifia mahali safi,
kwenye kioo nilichokipangusa kwa siki.

Saa hiyo hiyo, ndani ya nyumba, mama anasimama.
Mchana kutwa ametulia, amemenya viazi, ameniita kwa jina langu.
Jua likifika kidole kimoja, anafunga vifungo vya koti, anakosea kimoja,
anapanda ngazi, kidato, kidato,
mpaka dirisha la darini, anaweka viganja kiooni:
"Nataka kwenda nyumbani."
Mama, nyumbani ni hapa. Ulizaliwa chumba cha chini yetu.
"Najua," anasema. "Nataka kwenda nyumbani."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nimekagua nguo. Nimekung'uta mashuka, nimepindua mifuko:
leso, kipande cha sukari,
ufunguo wa baiskeli iliyouzwa zamani.

Simshushi tena kwa nguvu. Napanda nyuma yake,
nasimama ubavuni pake mpaka giza likamilike
na huyo anayemwita achoke kuita.
Kisha tunashuka kula.

Kesho nitafuta dirisha la zizi.
Unga ule hutoka kwa kitambaa kimoja chenye maji.
Alama za viganja, kule juu,
nimeziacha.