Herufi Sita

Ukuta wa Bi Mtumwa, pale Kigogo,
unaotazama mtaro,
ndio daftari langu.
Hapo niliandika MWINJUMA PONGWE
kwa lami na brashi ya kuazima,
enzi ambazo mjumbe wa nyumba kumi alijua
nani kalala na njaa, nani kalala na mgeni.

Akaja mwanawe. Nikampiga chokaa mzee,
nikaandika SHOMVI kwa samawati,
na lile la ukoo nikalipitia upya tu.
"Hizo herufi sita usizihangaikie," alisema,
"zilishapigiwa kura."
Akakaa udiwani vipindi vitatu.
Alizika watu wengi. Sanda, ubwabwa, turubai,
kila msiba ulimjua kwa kanzu.
Mtaro aliuahidi mara tatu,
na mara tatu nikamwandikia: MTARO KWANZA.
Malipo yangu yalikuwa mkono begani.

Sasa Tatu.
Jina la kuzaliwa, kaja nyuma ya kaka wawili,
ila mtaa ulicheka: wa kwanza, wa pili, Tatu!
Alianzia viti maalumu,
akisoma mihutasari mpaka viambatisho,
akiuliza bei ya kokoto kikaoni
wenzake wakitazama saa ya chakula.
Alipoitaka kata alikuja mwenyewe,
kopo la rangi mkononi, na risiti yake.
"Fundi, andika Tatu. Basi.
Pongwe funika."

Nikafunika, mikono miwili, wa tatu juu yake.
TATU akabaki ukutani peke yake
kama mtoto aliyetumwa dukani usiku.

Alishinda. Kwa jina lipi, sijui.
Mama wa vitumbua aliniambia,
"Nimempa yule binti wa Shomvi.
Baba yake alimzika mume wangu."

Mtaro ukachimbwa mita mia mbili na kumi
ukakoma nyuma ya gereji ya shemeji yake.
Wapo waliosema fungu la manispaa liliishia hapo,
wapo waliosema damu nzito kuliko saruji.
Mimi niliupima kwa hatua zangu.
Baba mtu hakuchimba hata mita moja.
Hilo nalo nilisema, kwa kinyozi,
hakuna aliyeinua kichwa.

Masika haya mvua ilipiga siku nne.
Chokaa ikalia, ikashuka,
P ikachungulia, ya samawati, halafu O,
hata Ijumaa asubuhi jina zima
limerudi, limekaa ubavuni mwa lake.

Akapita kwa miguu, viatu mkononi,
tope hadi magotini, bila dereva, bila mpambe.
Akasimama.
Nikamwambia, "Chokaa ninayo ndani, Mheshimiwa."
Akayatazama maji,
yanapokwenda, na pale yanapokwama.

"Iache," akasema.
"Ila lile deni la baba, fundi,
ni shilingi ngapi?"